Sentensi Moja kwa Manispaa

Jumamosi ile, tarehe thelathini na moja Mei, zamu ya kufagia ngazi ilikuwa ya Annerose Kimmich. Pale mjini Esslingen zamu ya ngazi haina mchezo. Uumwe usiumwe, utafagia. Lakini siku hiyo alifagia pale pale mara tatu, akili haipo.

Jirani wa juu, Bi Traudel Wölfle, akamwona. Huyu alistaafu ofisi ya manispaa inayotoa ruzuku ya kodi ya nyumba, ila macho yake hayakustaafu.

"Annerose, utatoboa sakafu! Una nini, mwanangu?"

"Kodi imepanda, Bi Traudel. Gerold anaendesha basi, mshahara ni ule ule. Mimi dukani nafanya nusu siku. Tukishindwa, tunahamia kwa mama mkwe, kijijini. Lene wetu ataacha shule yake. Keshafunga vitabu vyake kwenye boksi, mtoto wa watu."

"Ruzuku mmeomba?"

"Si ya wasio na kazi ile?"

"Nani kakudanganya? Wasio na kazi wana msaada wao mwingine, na kodi imo humo humo. Hii ni yenu mnaofanya kazi mkapata kidogo, na sisi wastaafu. Si sadaka. Ni haki yako kisheria."

Annerose akaegemeza ufagio ukutani. Udadisi ulikuwa umemshika. "Wanapimaje? Mbona majirani wa chini wanapata nyingi kuliko wewe?"

"Wao wako watano, mimi niko peke yangu. Wanatazama mko wangapi, mnapata kiasi gani, na kodi yenu ni kiasi gani. Kodi wanayoihesabu nayo ina kikomo, kila mji na chake. Ukipanga jumba la fahari, shauri yako."

"Pesa anapewa mwenye nyumba?"

"Zinaingia kwenu, kila mwezi. Mara nyingi ni kwa mwaka mmoja, halafu unaomba upya. Na mapato yakipanda, waambie mapema, usije ukatakiwa kurudisha."

Mlango ukafunguka. Mumewe, Gerold, akatoka na faili jekundu kifuani.

"Habari hiyo naijua," akasema. "Tangu Machi nakusanya karatasi. Imebaki moja tu, ya mwenye nyumba. Yuko likizo."

"Tangu Machi!" Annerose akaruka. "Na mimi hukuniambia?"

"Nilitaka kwanza zikamilike. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" Bi Traudel akashika kichwa. "Gerold, ruzuku huanza mwezi ule ombi lilipofika. Machi imekwenda na maji. Aprili imekwenda. Mei inaisha leo!"

Gerold akanywea. "Lakini faili halijakamilika."

"Nani kaliomba faili leo? Chukua karatasi. Andika: naomba ruzuku ya kodi ya nyumba. Weka jina, anwani, tarehe, sahihi."

"Bila fomu?"

"Fomu utajaza baadaye. Tumbukiza kwenye sanduku la barua la manispaa. Lile halina wikendi."

Gerold aliandika pale pale kwenye ngazi, jasho likimtoka. Maishani mwake hakuwahi kupeleka kitu nusu nusu. Annerose hakumsubiri amalize kuisoma mara ya pili. Aliinyakua, akateremka mbio, akaenda kuitumbukiza mwenyewe.

Karatasi ya mwenye nyumba ilikuja katikati ya Juni, wakaipeleka pamoja na fomu. Jibu lilikawia hadi Septemba. Lilipofika, Annerose alilisoma kwa sauti: wamekubaliwa, kuanzia tarehe mosi Mei. Miezi yote waliyongoja ikalipwa pamoja. Akalia kwa furaha wala hakujificha. Lene akafungua boksi, akarudisha vitabu rafuni.

Wiki iliyofuata zamu ya ngazi ilikuwa ya Bi Traudel. Alipotoka na ndoo akamkuta Gerold keshafagia mpaka chini, simu sikioni, anamfokea dereva mwenzake.

"Karatasi gani imebaki? Achana nayo, bwana! Andika sentensi moja, leo hii. Karatasi zitafuata."