Tumpe na Pumzi ya Lusajo

Tumpe aliishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi. Alikuwa na mdogo wake, Lusajo. Hata kutambaa, Lusajo alikuwa bado hajajua.

Asubuhi moja, Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Tumpe alikuwa anamchezesha Lusajo. Lakini Lusajo hakucheka.

Kifua chake kilipanda na kushuka, haraka haraka.
Hef-hef-hef! Hef-hef-hef!

Tumpe alimgusa. Alikuwa wa moto! Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mama! Njoo! Lusajo anahema kama amekimbia, na hajakimbia!"

Mama aliacha ndizi. Alimtazama Lusajo, akamkumbatia kifuani.
"Twende kituo cha afya. Shika kanga yangu, mwanangu. Usiachie."

Mvua ilinyesha. Matope yalilia chwapu, chwapu, chwapu. Tumpe hakuachia.

Kituoni, Nesi Edna alimpima Lusajo, akampa dawa. Kisha akamwekea mpira mwembamba puani. Mpira ulitoka kwenye mtungi mrefu.
Ssssss…

Tumpe aliogopa.
"Shikamoo, nesi. Huo mpira unamuumiza?"

"Marahaba, mwanangu. Haumuumizi. Unamletea oksijeni."

"Oksijeni ni nini?"

"Imo ndani ya hewa. Huioni, lakini mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Mapafu huivuta na kuipa damu. Moyo huisukuma damu hiyo mwili mzima. Kichwani! Tumboni! Mpaka vidole vya miguu!"

"Na Lusajo je?"

"Mapafu yake yanaumwa. Yanavuta kwa nguvu, lakini yanapata oksijeni kidogo. Ndiyo maana tunamwongezea."

Nesi alimwekea Tumpe masikioni kifaa chake cha kusikilizia moyo, ncha yake akaiweka kifuani mwa Lusajo.
Dudumdudumdudum!

"Moyo wake unakimbia!" alisema Tumpe.

"Unakimbia ili hiyo oksijeni kidogo ifike kila mahali. Una kazi kubwa leo."

Tumpe aliinama karibu na Lusajo. Akanong'ona:
"Vuta, mapafu, vuta!
Sukuma, moyo, sukuma!"

Walingoja. Mtungi ulisema ssssss. Mama alimshika Lusajo mkono.
Hef-hef-hef! Bado.

"Vuta, mapafu, vuta!
Sukuma, moyo, sukuma!"

Walingoja tena. Mvua ikakatika. Sasa Mama naye alinong'ona, polepole, pamoja na Tumpe:
"Vuta, mapafu, vuta!
Sukuma, moyo, sukuma!"

Hef… hef… hef…
Kifua kilianza kutulia. Midomo ikarudia rangi yake.

Nesi Edna alimpa Tumpe kifaa tena. Tumpe akasikiliza.
Du-dum. Du-dum. Du-dum.

"Haukimbii tena, Mama! Sasa unatembea!"

Mama alicheka, huku machozi yanamtoka.

Walikaa pale kituoni mpaka Lusajo akapona. Mpira ukatolewa. Akavuta hewa mwenyewe, akapiga chafya. Chyaa!

"Afya!" alisema Nesi Edna. "Haya, nendeni nyumbani."

Jioni hiyo nyumbani, Lusajo alimaliza uji wake wote. Akavuta nywele za Tumpe. Akapiga kelele: "Ba-ba-ba-ba!"

"Lala, mwanangu," alisema Mama.
"Ba-ba-ba-ba!" alijibu Lusajo.

Tumpe alijilaza kando yake, akamwimbia. Aliimba taratibu. Akaimba taratibu zaidi.

Kumbe, aliyelala wa kwanza ni Tumpe!