Barua Sita Ndani ya Ngoma

Ijumaa moja ya Machi 1995, saa nne asubuhi, fundi Bedan alipasua ngozi ya ngoma kuu ya kanisa, hapa Kamenu, Thika. Barua sita zikaanguka sakafuni.

Zote ziliandikiwa Nekoye, karani wa kanisa, kwa sanduku la posta la kanisa. Zote zilitoka kwa Barasa wa Ruiru. Muhuri wa kwanza ulikuwa wa Juni 1987, wa mwisho Novemba.

"Ndiyo maana ngoma hii imekuwa ikilia kama ina mafua miaka yote!" Bedan alishangaa. "Niliiwamba wiki ya Krismasi, '87. Ilikaa wazi hapa kanisani siku mbili."

Nekoye alikimbia nyumbani kuzisoma. Aliketi jikoni, chini ya kalenda kuukuu zenye mistari ya Biblia ambazo dada yake Nafuna hakukubali zitupwe. Kila barua ilianza na mstari, kisha ikauliza: nije kwenu kuposa? Miaka minane alikuwa ameamini kwamba Barasa alimtupa kama ganda la muwa. Na kesho saa sita, alivyosikia, Barasa, ambaye hakuwahi kuoa, alikuwa anahamia Kitale.

Kulia kungesubiri. Alimwendea kwanza Emmaculate, mwalimu wa kwaya, aliyewahi kummezea mate Barasa.

"Nilimtaka, sikatai," Emmaculate alisema. "Lakini '87 nilikuwa college Kakamega. Thika nilikuja '89. Uliza yeyote."

Akabaki mzee Gerishon, mchukuaji wa barua za kanisa.

"Mzee, ufunguo wa sanduku ni wako."

"Ngai! Mwaka huo si nilivunjika mguu? Toka Mei mpaka mwaka mpya nilikuwa kwa kitanda. Ufunguo ulikuwa kwa msumari, hapo ofisini. Na kama ni mimi nimeiba barua, si ningewashia jiko tu? Nani anaweka ushahidi miaka nane?"

Nekoye alitembea kurudi nyumbani akiwaza. Nani? Mtu anayeogopa kuchoma Neno la Mungu. Mtu anayefagia kanisa na ofisi yake kila siku.

Saa kumi jioni alimkuta Nafuna akichambua sukuma wiki. Akaziweka barua mezani.

"Dada, kwa nini hukuzichoma?"

Kisu kilianguka.

"Zilikuwa na mistari," Nafuna alinong'ona. "Mama alikuwa ametufia mwaka huo huo. Na wewe ukienda Ruiru, ningebaki na nani? Nilisema nitakupa moja, kesho. Nikazificha ndani ya ngoma, na kesho ikawa miaka."

Nekoye alilia, kwa hasira kwanza. Huyu ndiye aliyemtunza, na ndiye aliyemwibia. Kisha akasema: "Nimekusamehe, dada. Mungu akinipa nguvu, nitakusamehe tena kesho. Lakini alfajiri vaa viatu. Utamwambia Barasa mwenyewe."

Saa mbili asubuhi Jumamosi walikuwa Ruiru. Barasa alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Nafuna alikiri yote, amesimama, bila kujitetea. Barasa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, kisha akamgeukia Nekoye.

"Nilikuuliza mara sita."

"Ndiyo," Nekoye alisema. "Kwa zote sita."

Barasa aliifungua ile kamba.

Ndoa yao ilitangazwa Jumapili tatu, na hakuna aliyepinga. Siku ya harusi Nafuna aliomba aipige ile ngoma, sasa imewambwa upya, yeye mwenyewe. Mafua yalikuwa yamekwisha: ilisikika mpaka sokoni.