Kukauka Si Kupona

Fundi Bomba alikuwa na mtihani wake. Akishaziba bomba, hupitisha kidole chini yake. Kidole kikitoka kikavu, anafunga mkoba na kuondoka. Wateja walimpenda kwa hilo.

Ubaya ni kwamba alijitibu vivyo hivyo.

Alikuwa amefanya kazi mbali na nyumbani, kwenye jengo jipya. Huko alilala na mwanamke bila kondomu. Aliporudi, mkojo ulimchoma kama pilipili na usaha ukamtoka. Akamnong'oneza rafiki yake, mchomea vyuma. Mafundi wale walikuwa na desturi yao: dawa ya mmoja ni ya wote. Mchomea vyuma akampa vidonge alivyobakiza mwenyewe.

"Meza mpaka pakauke," alisema. "Pakikauka, umepona."

Pakakauka. Fundi akaviacha vidonge, akarudi kitandani kwa mkewe. Mkewe alikuwa na mimba kubwa.

Haukupita muda mrefu, korodani yake moja ikaanza kuvimba na kuuma.

"Mbona unatembea kama bata?" mkewe aliuliza.

"Nyonga tu."

"Nyonga! Nenda kliniki, baba. Watoto wa jirani wameanza kukuiga."

Kliniki alimkuta muuguzi wa makamo, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Hakuna muuguzi mwanamume?" Fundi aliuliza.

"Yupo, amekwenda kula. Maumivu yako yatamsubiri?"

Fundi akavua suruali, macho darini. Muuguzi alivuta pazia, akanawa, akavaa glavu.

"Yalianza ghafla?"

"Polepole, dada."

"Afadhali. Yangeanza ghafla na kwa ukali, ningekukimbiza hospitali kubwa sasa hivi. Korodani ikijipinda, damu haifiki, na kwa saa chache tu inaweza kufa. Ulitokwa na usaha?"

Fundi akasimulia yote, na vidonge pia. "Lakini nilikausha," alisema.

"Ulikausha nje. Ndani wadudu wameendelea kupanda, mpaka wamefika kwenye korodani."

"Wadudu gani? Mimi sikuona mdudu."

Muuguzi hakubishana naye. Alichukua majimaji kidogo kwa pamba kutoka ndani ya njia ya mkojo, akayapeleka maabara, na baada ya kusubiri kwa muda akamwita Fundi kwenye hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo.

"Chungulia."

Fundi akainama. Mwanzoni aliona ukungu. Kisha vikajitokeza: vidoa vyekundu, viwili viwili, vimekaa kama punje za kahawa. Vilikuwa vingi kupita hesabu.

"Hivi vyote vimetoka kwangu?"

"Kwenye tone dogo tu. Tumevitia rangi ili tuvione. Huo ni ugonjwa wa kisonono."

Alichungulia tena. Maisha yake yote alifukuza uvujaji kwa macho na kidole. Kumbe kuna ulimwengu mzima ambao jicho haliufikii!

"Mkeo yukoje?" muuguzi aliuliza.

"Mzima. Ana mimba."

"Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Mtoto akipita kwenye njia ya uzazi, vidudu hivi vinaweza kumwingia machoni. Asipotibiwa haraka, anaweza kupofuka. Mlete leo."

Fundi akakaa chini. "Nitamwambia nini?"

"Ukweli. Akipenda, nitakuwepo."

Alimwambia mkewe jikoni, akiwa amesimama. Mke aliweka kisu chini taratibu.

"Mimi nimekubebea mwana. Wewe umeniletea nini?"

Fundi akamweleza aliyoyasema muuguzi kuhusu macho ya mtoto.

"Yetu tutayasema baadaye," mke alisema, akichukua kitambaa cha kichwa. "Mtoto kwanza."

Wote wawili walipimwa, pamoja na kaswende na virusi vya UKIMWI. Kisonono tu ndicho kilichoonekana. Fundi alichomwa sindano, akapewa vidonge, avimeze vyote mpaka viishe. Mke alipewa dawa zinazomfaa mjamzito.

"Usimgawie mtu hata kidonge kimoja," muuguzi alimwambia Fundi. "Pumzika, vaa chupi inayobana kidogo ili iinue korodani, weka kitambaa baridi. Msilale pamoja mpaka wote mmemaliza dawa na mimi nimewaona tena. Na yule wa mbali, mpigie simu aende kutibiwa."

"Mchomea vyuma je?"

"Mlete. Mwambie siumi."

Alimleta, kwa kumvuta mkono.

Uvimbe ulishuka. Walipopimwa tena, walikuwa salama. Nyumbani mke alisema naye kwa mkato kwa muda mrefu, na Fundi alivumilia.

Mtoto akazaliwa, msichana. Muuguzi akampaka dawa machoni, kama wanavyopakwa wachanga pale. Asubuhi Fundi aliruhusiwa kuingia. Mtoto alikuwa amefumbua macho, meusi, safi, akiyageuza kuelekea dirishani.

"Ananitazama," Fundi alinong'ona.

"Usijisifu," mkewe alisema. "Anatazama mwanga."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda, akabaki anamtazama mwanawe akitazama mwanga.