Sabuni Imekwisha Kabambare

"Sabuni imekwisha."

Amuri Ramazani alikuwa ameinamia redio ya mgodi wa Salamabila, ambako rafiki yake Asani alikuwa fundi wa mitambo. Sauti ilikuwa ya Mama Waridi, imepenyezwa kutoka redio ya posta ya Kasongo; "sabuni imekwisha" lilikuwa neno lao la hatari.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu juzi. Wameisha fika Kabambare."

"Watu ngapi?"

"Wawili. Moja ni Muzungu. Amepiga picha kitabu yangu."

"Yote?"

"Mapambo kumi na mbili yote, mutoto wangu. Ya Idi."

Redio ikakoroma, ikanyamaza.

Amuri alizima sigara yake ya Belga, akachomeka bastola ya Browning kiunoni, akaipiga teke Saroléa. Pikipiki ilinguruma. Barabara ya Kabambare ilikuwa tope tupu, naye alifurahi kuliona.

Mwaka huo wa 1955, hakuna mwanamke wa heshima Kasongo aliyekwenda karamuni bila kitambaa cha kichwa cha Waridi. Mapambo aliyachora mwenyewe, na pembeni aliweka mwezi mdogo, alama yake. Ni nani aliyemchapia? Ukiuliza, ulimiminiwa kahawa nyingine. Siri ilikuwa ya watu watatu: Waridi, Amuri aliyebeba mzigo, na mchapaji mwenyewe.

Wapo waliomwita mchoyo. Wapumbavu. Wangemwuliza kwanza Marcelline.

Marcelline alibuni mikoba ya rafia, mizuri ajabu. Siku moja akamtajia mnunuzi mmoja mcheshi kijiji cha wasukaji wake. Miezi miwili baadaye wasukaji walikuwa wametia dole gumba kwenye mkataba wa kampuni, mikoba ilikuwa dukani, na Marcelline aliuza karanga mbele ya duka lilelile.

Mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa sasa Kabambare.

Gaston Deprez. Mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuchora hata mstari mmoja ulionyooka, akaishi vizuri kwa mistari ya wengine. Alivaa suti nyeupe katika nchi ya matope. Hapo tu ungeipima akili yake. Jumamosi filamu yake ingepanda ndege kwenda kiwanda cha Ulaya, na kabla ya Idi vitambaa vya Waridi vingerudi kwa marobota, bila Waridi. Lakini filamu haikumtosha. Alimtaka na mchapaji, kwa sababu rangi ya vitambaa vile haikuchuja.

Saa tano Amuri aliingia Kabambare kwa njia ya nyuma. Akasimama uani mwa gîte, nyumba ya serikali ya kulaza wasafiri. Mzee mmoja mwembamba alikuwa akisugua shati la mtu.

"Papa Octave. Habari ya mugeni?"

"Siku mbili anatafuta usini, kiwanda ya kuchapa vitambaa," alisema Octave, lavadère wa gîte, mfuaji wa nguo za Wazungu kwa miaka kumi na tisa. "Anauliza: bomba ya moshi iko wapi? Mashini iko wapi? Jana amekaa pale pa kiti, ameniuliza na miye."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, Bwana, miye najua soksi tu."

Nyuma yake mapipa matatu yalichemka. Moja lilikuwa la shuka. Mawili yalikuwa ya rangi, buluu na nyekundu. Kwenye kamba, kati ya shuka na shuka, vitambaa arobaini vya Waridi vilikuwa vikikauka. Deprez alipita hapo mara nne kwa siku akienda chooni. Hakuona kitu. Atamwonaje mtu ambaye kwake ni mikono tu?

"Filamu iko wapi, Papa?"

"Ndani ya koti. Bega la kushoto. Juzi nilipanguza vumbi, vidole vikasikia kitu kigumu, kimeshonewa ndani. Lakini hanipi kufua. Analala nalo."

"Leo atakupa."

Amuri alifunga kitambaa cha Waridi shingoni. Akaipeleka Saroléa mbele ya baraza, polepole, kama mtu anayetafuta kivuli.

"Zéphirin!" Deprez aliruka kitini. "Ni yeye! Mutumishi ya Waridi! Jeep!"

Zéphirin, karani wake, akawasha jeep ya Willys.

Risasi ya kwanza ilipiga mti. Ya pili ilipiga hewa. Mkono wa Deprez ulifaa zaidi kuandika mikataba.

Amuri aliwapitisha mashamba ya pamba na mihogo, mpaka kwenye kona ambayo lori za pamba huichimba kila masika. Saroléa ilipita juu ya ukingo mwembamba. Willys ikatumbukia pua mbele. Deprez akaruka juu ya kioo, akatua kifudifudi.

Tope mpaka kwenye masikio.

Amuri hakugeuka kumtazama. Browning haikutoka kiunoni.

Saa nane Deprez alisimama kwenye ngazi ya uani, akinuka kinamasi. Alitoa bastola. Alitoa kamera yake ndogo ya Minox. Kisha mkono wake ukapanda bega la kushoto, ukasita hapo.

Kichupa cha filamu kilikuwa cha bati, kimezibwa kwa nta. Maji hayangeingia. Na kuchana koti mbele ya watu hawa? Hapana. Angelitoa lifuliwe, akae hapohapo alilinde.

Halafu akakumbuka funza.

Kila Mzungu aliyefika Maniema alionywa kwanza juu ya inzi anayetaga kwenye nguo zinazoanikwa. Usipoipiga nguo pasi ya moto vizuri, funza huingia chini ya ngozi. Deprez hakumwogopa Mungu wala aibu. Funza aliwaogopa.

"Boy! Wewe chemsha sana! Pasi mara mbili! Mimi hapana taka funza!"

Octave aliinamisha kichwa. "Mara mbili, Bwana?"

"Mara tatu!"

"Ndiyo, Bwana. Ni kusema kwako."

Koti lilizama katika pipa la shuka. Deprez alikaa hatua kumi kutoka pipani, bastola mapajani, akililinda kwa macho makali. Lilichemka saa nzima. Kisha pasi ya makaa ikapita begani, ikakaa, ikapita tena.

Nyuma ya shuka, alikorudi kujificha kwa njia ya nyuma, Amuri alimwona Octave akichukua muhuri wa mwezi, umelowa buluu.

"Moja tu, ndugu," alinong'ona Octave. "Kwa nyuma ya koti, pa makalio."

"Usithubutu, Papa. Siku atakayokujua, wewe na Mama Waridi mutauza karanga."

Octave aliurudisha muhuri. Ilimuuma, uso wake ulisema hivyo.

Asubuhi Deprez, safi kama yai, aliandika cheti kama Wazungu walivyowaandikia watumishi: Octave ni mfanyakazi mwaminifu, mtu pekee Kabambare asiyeficha kitu. Akatia sahihi kwa mbwembwe.

"Bwana," alisema Octave, mikono imekunjwa, "shuka hizi ni za gîte ya Kasongo. Bwana atanisaidia na jeep?"

Deprez akapunga mkono. Zéphirin akapakia bunda kwenye jeep iliyoopolewa topeni.

Kwenye kivuko cha mto Luama walimkuta Amuri akivuta Belga. Deprez alimsachi. Akamwaga mifuko ya pikipiki chini. Thermos na mkate.

"Vitambaa iko wapi?"

"Vitambaa gani, Bwana?"

Deprez alicheka, akaketi juu ya bunda la shuka. Yeye alikuwa na filamu! Sasa aliweza kujionyesha. Alichana bega la koti kwa kisu, akatoa kichupa, akakitikisa.

Kililia maji.

Nta yote ilikuwa imeyeyuka. Alikifungua, ukadondoka uji mweusi juu ya suruali safi.

"Nani? Nani amefanya hii?"



"Bwana mwenyewe alisema wachemshe," alisema Zéphirin. "Na pasi mara tatu."

Deprez alitazama mto. Aliendelea kukaa palepale, juu ya vitambaa arobaini, mpaka ng'ambo.

Jioni jeep ilishusha bunda kwenye gîte ya Kasongo. Mama Waridi alikuwa mlangoni na kikapu. Alimshukuru Bwana kwa heshima zote, akamkaribisha kahawa. Bwana alimwashiria Zéphirin aondoe jeep.

Amuri alipita posta, akaomba redio ya Salamabila.

"Sabuni?" aliuliza Asani.

"Iko. Muzungu mwenyewe ameibeba."

Akaiacha redio, akatoka, akaenda kutafuta chakula.