Risasi ya Kumi

Risasi ya kumi nayo haikuacha tundu. Kumi zote alizopiga Matano pale Micheweni tangu asubuhi hazikuonekana kwenye ubao wa shabaha wala kwenye lundo la mchanga nyuma yake. Alichoka hadi kope. Kazi yake ni kuwapiga nguruwe pori wanaofukua muhogo wa Kiuyu, ukiwemo wa mkewe Mwanakhamis, na ukiliwa msimu huu tena, nyumbani hawana cha kupika.

Akaipeleka bunduki Wawi kwa fundi, Mzee Nyange. Mzee akakaza skrubu za darubini, akavitikisa vishikizo vyake; vimetulia. Kisha akapitisha karatasi baina ya mtutu na mbao inayoubeba.

"Mtutu hautaki kuguswa na mti," alisema. "Ukiguswa, shabaha huna."

Karatasi iliteleza, ikafika kati, ikashikwa. Mzee akaivuta. Kitu kikaivuta kwa ndani, kutoka kwenye upenyo usioingia hata ukucha, polepole, hadi ikamwisha vidoleni, na karakana nzima ikanuka ubani.

"Mbao hii umeikata wapi?" alinong'ona.

"Ya zamani ilipasuka, Mzee. N'kakata kule mzimuni, Kiuyu."

"Uliomba?"

"Nilikuwa n'mechoka."

Siku ile ile wakairudisha mbao mzimuni, pamoja na ubani na mkate wa kumimina, na kwenye shina la mti ule ule wakazikuta risasi zimejipanga, Mzee akazihesabu kwa kidole, akarudia, tisa, na hapo Matano akalikumbuka bega lake la kushoto lililomwelemea tangu risasi ile ya kumi, akafungua shati, na chini ya ngozi isiyo na jeraha akapapasa kitu kigumu, baridi, ukubwa wa punje ya mahindi.

"Mti umerudishwa," alisema Mzee, macho chini. "Weye bado hujasamehewa."

Mbao mpya ilikaa vizuri. Karatasi ilipita mwanzo hadi mwisho. Risasi ya kwanza ilimwangusha nguruwe dume, Mwanakhamis akapiga vigelegele, na kile kitu kikashuka upana wa kidole kimoja kuelekea moyoni. Ya pili, kidole kingine. Matano hakumwambia mtu.

Juzi alasiri mkewe aliita kutoka shambani. "Baba Laila, njoo na bunduki! Wamerudi, watatu!"

Matano akajipima kifuani. Vilibaki vidole viwili kufika moyoni. Akainuka kichovu vile vile, akaichukua bunduki.