Chembe Tatu Juu ya Kipimo

Nilimuua mdogo wangu Arlo. Risasi sikumpiga. Nilimtengenezea.

Naungama kwako, jirani yangu, kwa sababu mchungaji nilimwambia nusu tu.

Unaijua Montana yetu: mfuga kondoo asiyeua koyote, wale mbweha wakubwa wa nyika, hamalizi mwaka na wanakondoo wake. Majira ya kuchipua nilichimbua pango la koyote jike, nikawamaliza watoto wake watano kwa koleo, mmoja mmoja, naye akinitazama kutoka kilimani. Wa mwisho alilia kama kichanga cha binadamu. Sikusita. Mungu anisamehe.

Tangu hapo, kila jioni nilipotoka kuwatupia kondoo nyasi kavu, nilimkuta ameketi juu ya kile kilima. Yadi mia nne. Hakimbii, hali. Anatazama tu.

Bunduki yangu ni ya risasi ndogo yenye kasi, na risasi zake najaza mwenyewe: ganda, fataki ya kuwasha, baruti niliyoipima kwa chembe, uzito mdogo kuliko gramu, kisha kichwa. Nikamkosa. Nikaongeza nusu chembe ya baruti ili risasi ifike mbali zaidi. Kesho yake akaketi yadi mia nne na hamsini. Nikaongeza nusu nyingine.

Mia tano.

Kama vile alikuwa akisoma daftari langu.

Kitabu cha vipimo kilisema mwisho ni chembe thelathini na saba. Nilipofika hapo, peke yangu bandani, nikasikia harufu ya manyoya mabichi… na sauti nyembamba, ya kitoto, nyuma ya sikio.

"Ongeza."

Nikaongeza. Fataki zikaanza kutoka zimepondeka bapa. Komeo la bunduki likawa gumu, nikawa nalifungua kwa kuligonga na kipande cha ubao. Kila mjaza risasi anajua maana yake: bunduki inakaribia kupasuka, acha hapo hapo. Mimi nilifika arobaini.

Jumamosi moja ya majira ya baridi, jua likielekea kuzama, Arlo alikuja kunirudishia msumeno. Alinikuta bandani na sanduku la risasi mkononi.

"Kaka, unapika risasi au keki? Vijiko, mizani… bado aproni tu!"

"Afadhali keki. Wewe unajaza kama unamwagia kuku mahindi."

"Lakini risasi yangu nzito, upepo hauibebi. Hiyo yako ni unyoya." Akatazama nje ya mlango. "He! Si yule kikongwe wako pale? Yadi mia saba, na anakucheka. Lete hiyo bunduki, mzee, nikuonyeshe wanavyofanya wanaume."

Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Lakini angeuliza kwa nini, nami ningelazimika kukiri kwamba nimevuka kipimo, mimi niliyemcheka miaka kumi kwa uzembe huo huo.

Nikampa.

Akalala kwenye theluji, shavu kwenye kitako cha bunduki.

"Hizi umezijaza vizuri?" akanong'ona.

"Vizuri."

Akashusha pumzi. Kule kilimani koyote akasimama… akafungua mdomo.

Sijawahi kusikia mlio kama ule. Ulikuwa wa chuma kinachopasuka.

Komeo lilirudi nyuma likaingia jichoni mwake. Mkono wa kushoto ulibaki na vidole viwili. Nilipomshika kichwa, vidole vyangu vilizama mahali ambapo palipaswa kuwa mfupa. Damu ilikuwa inatoa mvuke kwenye theluji.

"Kaka," akasema, kwa upole kabisa. "Ulisema umezijaza vizuri."

Hakusema tena.

Nilipoinua macho, kilima kilikuwa kitupu.

Alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu.

Akaja taratibu, akainama, akalamba theluji nyekundu mpaka ikawa nyeupe. Sikuwa na kitu cha kumpiga. Alipomaliza, akanitazama usoni, akaenda zake.

Sherifu alizichukua risasi tisa zilizobaki. Fundi wao wa bunduki akazifungua, akapima baruti. Chembe thelathini na sita na nusu. Zote tisa. Mizani yangu wakaijaribu, ikawa sahihi.

"Bunduki kuukuu tu hiyo, bwana Haugen," sherifu akaniambia. "Usijilaumu."

Daftari langu linasema arobaini, kwa mwandiko wangu. Sikumwonyesha. Solveig, mjane wa Arlo, alinikumbatia kanisani mbele ya watu wote, akilia kwamba nilimpenda ndugu yangu. Nikamwacha anikumbatie.

Sasa huyu mnyama anaketi chini ya dirisha langu kila jioni. Hatua kumi. Bunduki sina tena, niliapa kwa Biblia. Lakini wiki iliyopita nilijikuta nimesimama dukani, nachagua nyingine. Na ile sauti ya bandani siyo ya kitoto tena. Naijua. Nimekua nayo.

"Ongeza, kaka."

Kopo la baruti liko rafu ya juu, limebaki robo. Mara tatu nimelitoa nikaimwage, mara tatu nimelirudisha. Tafadhali, lichukue wewe, sasa hivi, kabla jua halijazama. Kaimwage mbali. Na nikija kwako kuliomba, usinipe.