Dira ya Muhsini

Springi ilikatika kwa kishindo, lori likalala ubavu, na magunia ya chumvi yakapasukia msituni. Dereva, Thadei, alitokea dirishani akiwa mzima. Utingo wake Muhsini hakutoka. Paja lake lilikuwa limebanwa na mlango, na mkewe Mwanahawa, aliyekuwa ameketi katikati yao, alimshika mabega akimwita Mwenyezi Mungu.

Masika ndiyo yaliyowafikisha hapo. Mto ulikuwa umekula daraja kwenye barabara ya kutoka Namtumbo kwenda Tunduru, na magari yakapanga foleni. Thadei hakuzaliwa na subira. Akakata kona, akaingia njia ya wapasua mbao iliyokwenda kaskazini, akitumaini kuzunguka. Mwenda pole hajikwai, lakini nani angemwambia hayo dereva wa Songea miaka ile ya ruksa ya biashara huria, kila mtu akikimbilia soko kabla ya mwenzake?

Walimtoa Muhsini kwa jeki. Mfupa ulionekana. Mwanahawa akachana khanga yake, akalifunga jeraha, na khanga ikalowa papo hapo.

"Maji yako kiasi gani?" Thadei aliuliza.

"Dumu moja. Tuachie sisi, shemeji. Wewe utakunywa ya mvua."

Muhsini akavua saa yake. Ilikuwa saa ya tarakimu, nyeusi, iliyoletwa Songea kutoka Dubai, na aliipenda kuliko nguo zake. Ukibonyeza kitufe kimoja inakuwa kengele, naye aliitega imwamshe kwa swala ya alfajiri. Ukibonyeza kingine inakuwa dira, mshale mdogo ukizunguka kutafuta herufi. Alizoea kumtania Thadei, Mngoni wa Songea, kwamba ndani ya saa ile mna mtu mdogo mwenye akili kuliko Wangoni wote.

"Shika, mtani," alisema, meno yakigongana. "Bonyeza hapa. Penye S ndiyo kusini, na barabara iko kusini. Au nyie Wangoni mnajua njia ya kwenye ng'ombe wa watu tu?"

"Nyamaza, Myao. Nikirudi nitakuuza pamoja na hii chumvi."

Walicheka wote wawili. Mwanahawa hakucheka. "Jua lisizame mara mbili, shemeji," alisema. "Damu haikati."

Kabla ya kuondoka Thadei aliinama, akachomoa kipande cha springi iliyokatika, kirefu kama mkono, akakitia begani.

"Chuma cha nini tena?" Mwanahawa aliuliza.

"Sampuli. Nikikuta gari la Songea nakituma dukani. Safari moja, kazi mbili."

Ndivyo walivyofanya madereva wote. Hakuna aliyekwenda kutafuta kipuri mikono mitupu, maana bila kile kilichovunjika wangekupimia nini?

Akashika njia, mkono wa kushoto ukikikamata chuma, na saa kwenye mkono huohuo. Njia ya mbao ilimpotea kwenye mafuriko ya kwanza. Wingu lilikuwa zito, jua halionekani, miombo imefanana kila upande. Kila alipoinamia saa, kusini ilikuwa mbele yake. Alizunguka kinamasi, akatazama, kusini iko mbele. Alikwepa kundi la nyati, akatazama, bado mbele. Moyo wake ukafurahi kwa kuongozwa vizuri namna ile. Tarakimu tu zilikuwa zikimetameta, zikizima na kuwaka. Betri inakwisha, aliwaza, akaongeza mwendo, na chuma kikamchuna bega mpaka nyama.

Giza lilimkuta juu ya mti. Asubuhi akaendelea, akila matunda pori machungu, akinywa maji ya kwenye majani. Jua lilipokuwa utosini, kama lilikuwako nyuma ya wingu, aliona nyayo za katambuga, viatu vya tairi, kwenye tope. Kando yake palikuwa na alama ndefu, pale mtu alipopumzisha chuma.

Zilikuwa nyayo zake mwenyewe. Thadei alikaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto wanne.

Kiu ilimwinua. Akakiegemeza chuma kwenye mti, akateremka bondeni kwenye dimbwi, akanywa, akatazama saa kwa mazoea. Tarakimu zilikuwa zimetulia. Mshale ulionyesha kusini nyuma ya mgongo wake. Akapanda, akakigusa chuma. Tarakimu zikaanza kumetameta, na mshale ukageuka ukakifuata. Kumbe chuma ndicho kilichokuwa kikiuvuta mshale, na saa haikuwa inakufa. Ilikuwa ikimwonya tangu jana, naye akiubeba uongo begani.

Alikitupa kile chuma kwa matusi, akakimbia. Barabara haikuwa hata mbali. Aliifikia jua likizama, mara ya pili.

Kwenye foleni palikuwa na gari la misheni. Dereva wake, Gaspari, na vijana wenye mapanga walifyeka njia pamoja na Thadei usiku kucha. Walifika kunakucha. Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye magunia, kichwa cha mumewe mapajani, uso umefunikwa.

"Ameondoka sasa hivi, alfajiri," alisema.

Thadei akamweleza habari ya chuma, yote, bila kujitetea. Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo aliposema, "Jana kutwa alikuwa akiniuliza saa. Nikamwambia, saa umempa mtani wako. Akacheka. Akasema, basi Mngoni ndiye anayejua amechelewa kiasi gani."

Siku ya mazishi, kijijini kwao Muhsini karibu na Mbesa, watu walimngoja Thadei. Msiba wa Myao bila Mngoni wa kuutania haukamiliki, na wazee walimtazama wakitaka haki yao. Alisimama. Hakuwa na neno lake mwenyewe. Akasema la Muhsini, vilevile alivyolipokea kwa Mwanahawa, akinyoosha mkono wenye saa.

Wafiwa wakacheka hadi machozi, kama desturi inavyotaka. Yeye alilia tu.

Mwanahawa hakuitaka ile saa. Thadei, Mkatoliki wa Songea, anayo hadi leo, na kila alfajiri inalia kumwamsha Muhsini aswali. Kitufe cha kuizima anakijua. Anakaa kitandani, anaisikiliza mpaka inyamaze yenyewe.